Kipindi cha runinga kinataka kutujengea nyumba. Tukubali?

"Mshauri, hujambo. Tunaishi Waithaka, Nairobi, mimi, mume wangu na watoto watatu, kwenye nyumba ya mabati ya vyumba viwili tuliyoijenga kwenye ploti ya marehemu baba mkwe. Sakafu ni ya udongo. Mume wangu alipatwa na kiharusi mwaka juzi, na tangu hapo hajarudi mjengo. Mimi nauza mboga kando ya barabara. Kuna kipindi cha runinga kinachowajengea nyumba watu wasiojiweza, na mtu wa kanisani alituma jina letu bila kutuambia. Wamepiga simu. Wanataka kuja kupiga picha nyumba ilivyo sasa, kisha tuondoke siku saba, na tukirudi tukute nyumba ya mawe yenye kila kitu. Dada yangu anasema nikikataa nitakuwa nimeipiga bahati teke. Mume wangu anasema wanataka kutuanika. Binti yetu wa kidato cha tatu analia, hataki kuonekana. Nimesikia pia kwamba huko Marekani watu waliojengewa hivyo walipoteza nyumba kwa sababu ya kodi. Je, vipindi hivi husaidia kweli au ni maonyesho tu? Tukubali?"

Dada, pole kwa yaliyompata mzee wako, na pole kwa kuwekwa njia panda na mtu aliyedhani anakutendea wema. Jibu langu fupi ni hili: msiwakatalie bado, na msitie sahihi bado. Kipindi kama hicho hakiwezi kurushwa bila familia, na familia wanayoitaka sasa ni yenu. Kuanzia simu ile mpaka siku kamera itakapoingia kwenye boma lenu, wao ndio wanaowahitaji. Wakishapata picha zao za kwanza, mambo yanageuka, ninyi ndio mnabaki kuwasubiri. Kwa hiyo maswali yote magumu yaulizwe sasa.

Nianze na Marekani, maana hofu hiyo nimeisikia kwa wengi. Kipindi kilichoupa mtindo huu jina ni Extreme Makeover: Home Edition cha stesheni ya ABC, kilichorushwa kuanzia 2003 hadi 2012. Familia ilipelekwa likizo wiki moja, umati wa watu ukajenga usiku na mchana, na mwishoni basi kubwa lililoziba nyumba likaondolewa ili wenyewe waione, vilio na vifijo vikafuata. Nyumba nyingi zilikuwa kubwa mno kuliko za majirani. Kule kodi ya nyumba hukadiriwa kwa thamani ya ardhi pamoja na jengo, kwa hiyo jengo likipanda thamani kodi nayo hupanda, na bili za umeme wa kupoza na kupasha joto vyumba vyote vile hupanda vilevile. Familia kadhaa zililemewa, nyingine zikauza.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi, cha familia ya jimbo la Georgia iliyojengewa mwaka 2005, hakikutokana na kodi. Waliiweka nyumba rehani wakachukua mkopo wa dola 450,000, biashara waliyoitegemea ikaenda mrama, na kufikia 2008 nyumba ilikuwa inatangazwa kupigwa mnada. Sisemi hivyo ili kuwacheka. Mtu ambaye hajawahi kuwa na mali ya kuweka dhamana, akipewa jumba na bado mfuko ni mtupu, hatua inayofuata huwa ni benki. Weka jambo hilo akilini, kwa sababu litakuhusu zaidi kuliko kodi.

Kuhusu kodi yenyewe, tulia. Nairobi kwa miaka mingi imekadiria kodi ya ardhi ya kaunti kwa thamani ya kiwanja, si ya nyumba iliyosimama juu yake. Kutoka mabati kwenda mawe hakutakuletea bili ya aina ile ya Wamarekani. Kitakachokuja ni bili ndogondogo, na hizo ndizo ambazo watu wa runinga hawazipigi hesabu.

Chukua bafu. Vipindi hivi hupenda sana bafu, kwa sababu hupendeza kwenye picha: vigae, sinki, na hita ya maji moto juu ya kichwa. Hita hiyo huvuta hadi kilowati 5. Watu watano mkioga dakika tatu tatu tu, hiyo ni robo saa, nayo imekula uniti moja na robo ya stima. Piga mara siku 30. Hita peke yake imepita uniti 37, kabla hujawasha taa. Tangu Aprili 2023, mteja wa nyumbani anayetumia zaidi ya uniti 30 kwa mwezi hutoka kwenye kundi la bei nafuu na kulipa bei ya juu kwa kila uniti. Yaani bafu la zawadi linaweza kuwahamisha bei bila ninyi kununua hata redio. Choo cha kuvuta maji nacho: kila ukivuta ni lita sita hadi tisa. Siku ya mgao wa maji, mtungi wa lita 20 unatosha mara mbili au tatu, na mtungi huo unaubeba wewe.

Niliwahi kutembelea familia iliyokuwa imekarabatiwa nyumba kwa ufadhili, mbali na kamera zozote. Jikoni palikuwa na friji ya milango miwili, imechomolewa. Mama akaifungua anionyeshe: juu daftari za shule, katikati sare zimekunjwa vizuri, chini unga. Akaniambia kwa tabasamu kwamba panya hawaingii. Hakuwa analalamika, na mimi sikuona kama ameitumia vibaya. Ila thamani ya friji ile ingemlipia tokeni za stima za miezi mingi, na hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo ulipo mtambo wa vipindi hivi, nao hauhitaji mtu mbaya ili ufanye kazi. Pesa hutoka kwa wafadhili: kampuni ya saruji, ya rangi, ya magodoro, ya vyombo vya umeme. Kila mmoja anatoa bidhaa yake ili ionekane. Mtayarishaji anahitaji tofauti kubwa kati ya picha ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji asibadilishe stesheni. Kwa hiyo kinachochaguliwa ni kile kinachoonekana. Sofa inaonekana. Bomba la maji taka lililozikwa vizuri halionekani. Hati ya shamba haionekani kabisa.

Sasa nikujibu lile swali lako la katikati: je, nyumba bora husaidia? Ndiyo, na hapa tunao ushahidi mzuri, japo haukutoka kwenye runinga. Jimbo la Coahuila huko Meksiko liliwawekea watu maskini sakafu za saruji ndani ya nyumba zilezile walizokuwa nazo. Watafiti walilinganisha familia hizo na nyingine zilizobaki na sakafu za udongo, na matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba minyoo na vimelea kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Mama zao pia walikuwa na msongo mdogo wa mawazo. Sakafu tu! Mayai ya minyoo huishi kwenye udongo, mtoto hutambaa, hutia vidole mdomoni. Saruji hupigwa deki na mzunguko huo unakatika. Vyumba vyako viwili, kama kila kimoja kina mita tatu kwa tatu, vinahitaji mifuko kama kumi ya saruji, pamoja na mchanga na kokoto. Ningekuwa na uwezo wa kukuchagulia kitu kimoja kutoka kwenye kipindi chote hicho, ningechagua hicho, kisha paa lisilovuja, kisha dirisha la kutoa moshi wa jiko.

Kuna utafiti mwingine unaokaribia zaidi jambo lako. Shirika moja la Amerika ya Kusini hujengea watu wa mitaa ya mabanda vijumba vya mbao, na El Salvador, Meksiko na Uruguay waliopata walichaguliwa kwa kura, kwa hiyo watafiti waliweza kuwalinganisha na waliokosa. Waliopata walifurahia zaidi nyumba zao na maisha yao kwa jumla, na kwenye nchi mbili kati ya hizo afya ya watoto iliimarika. Kipato hakikubadilika. Kazi hazikubadilika. Na watafiti walipoangalia upya, waliona kwamba baada ya wastani wa miezi minane, asilimia 60 ya ile furaha iliyoongezeka ilikuwa imeyeyuka. Watu walikuwa wamezoea.

Soma hilo kwa utulivu, usilisome kwa huzuni. Nyumba iliwafaa kwa kile ambacho nyumba hufanya: kuzuia mvua, baridi, uchafu na aibu ya kumkaribisha mgeni. Haikufanya kazi ya mshahara. Kinachowabana ninyi leo ni mshahara wa mjengo uliokatika mwaka juzi, na kipindi cha saa moja hakirushwi ili kurudisha mshahara. Ukikubali nyumba huku ukijua hivyo, hutavunjika moyo miezi minane ikishapita.

Nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako, na umelitaja kwa maneno machache sana: ploti ni ya marehemu baba mkwe. Hukusema kama mirathi imefanywa. Hukusema mumeo ana ndugu wangapi. Dagoretti yenu yote, kuanzia Riruta hadi Uthiru, imejaa mashamba ya familia yaliyogawanywa kwa mdomo: wewe hapa, mdogo wako kule, mti ule ndio mpaka. Mgao huo hukaa kwa amani miaka mingi maadamu kila mtu ana mabati yake. Siku inaposimama nyumba ya mawe, mtu wa kwanza kupima ploti kwa hatua huwa shemeji.

Sheria huhesabu jengo la kudumu kuwa sehemu ya ardhi liliposimama. Kama hati bado ina jina la marehemu, basi nyumba mtakayojengewa itaingia kwenye mali ya marehemu, itakayogawanywa kwa warithi wake wote. Barua ya chifu inayosema mnaishi hapo haibadilishi jambo hilo, ingawa wenye vipindi huridhika nayo. Nyumba ya mabati mngeing'oa mkaondoka nayo. Ya mawe haing'oki.

Njia ya kurekebisha ipo na haihitaji miujiza. Mnaanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote, mnapeleka ombi mahakamani, tangazo linawekwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, na msimamizi wa mali akishateuliwa, mgao huthibitishwa baada ya miezi sita. Kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko huo. Runinga haitasubiri, najua. Kwa hiyo angalau fanyeni kikao cha ndugu wote sasa, mbele ya wazee na wakili, muandike kwamba sehemu ile ni ya mumeo na kwamba nyumba itakayojengwa ni yenu, kila mtu aweke sahihi na nambari ya kitambulisho. Karatasi hiyo si hati, lakini itakuwa na uzito mkubwa mahakamani siku ya mgao. Na kama ndugu mmoja atakataa kuweka sahihi, ni heri amekataa kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Katika hali hiyo ningekuambia wazi: msijengewe.

Kumbuka pia kutafuta jina lako wewe. Mumeo ni mgonjwa, Mungu ampe maisha marefu, lakini ardhi itakapokuwa tayari kuandikishwa, omba iandikwe kwa majina yenu wawili.

Kuhusu siku saba, nina maneno machache ya kifundi. Zege hufikia nguvu zake zilizokusudiwa kwenye hesabu baada ya siku 28. Plasta inahitaji kumwagiliwa maji karibu wiki nzima ili isipasuke, kisha wiki kadhaa za kukauka ndipo ipakwe rangi. Ukipaka mapema, unyevu unatafuta njia ya kutoka na rangi inatoka malengelenge. Bahati yenu Waithaka mna udongo mwekundu. Ingekuwa Embakasi kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, msingi wa haraka haraka ningeuogopa zaidi. Waombeni wajenge kwa muda unaofaa, wapige picha ya kufunua baadaye. Wakishindwa kuhamisha tarehe, basi mkataba useme mwanakandarasi ni nani, kama ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kwamba atarudi kurekebisha nyufa na mivujo kwa muda usiopungua miezi sita. Muda huo ni wa kawaida kabisa kwenye ujenzi. Matajiri huupata bila kuomba.

Sasa mumeo na binti yako. Mumeo anaposema wanataka kuwaanika, hajakosea kuhusu jinsi vipindi hivi vinavyotengenezwa. Kadiri sehemu ya kwanza inavyohuzunisha ndivyo ya mwisho inavyopendeza, kwa hiyo watawaomba msimulie siku ya kiharusi, watamwonyesha akijaribu kushika kikombe kwa mkono uliolegea, na muziki utawekwa juu yake. Yeye alikuwa fundi. Amejenga nyumba za watu. Kuonyeshwa taifa zima akiwa mtu wa kujengewa ni jambo zito, na si kiburi kulikataa. Hata hivyo si lazima simulizi iwe ya namna hiyo. Kipindi cha Shamba Shape Up, ambacho Wakenya wamekitazama tangu 2012, hurekebisha mashamba ya watu wa kawaida, na mkulima huonekana kama mtu anayejifunza na anayejua shamba lake, si kama mtu wa kuhurumiwa. Waulizeni kama mumeo anaweza kuwa upande wa mafundi: aulizwe kuhusu msingi, achague mawe, amkosoe fundi anayepiga plasta vibaya. Akikubali kwa masharti hayo, huenda siku hizo zikamfaa kuliko nyumba yenyewe.

Ila niulize jambo moja pembeni. Je, mbali na suala hili, amejitenga? Hapati usingizi, hali chakula vizuri, hataki watu? Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia kwenye sonona, nayo inatibika. Kama ndivyo, mpeleke kliniki anakofuatiliwa, umweleze daktari hilo kabla ya mambo ya nyumba. Kama sivyo, mwache na hoja yake. Mtu anaweza kukataa kamera akiwa na akili timamu.

Kwa binti yako sina kigugumizi. Asionyeshwe. Mtoto wa kidato cha tatu ana miaka miwili ya kukaa na wanafunzi wenzake waliotazama kitanda chake, na baada ya matangazo video hukaa mtandaoni atakapokuwa anatafuta kazi. Sheria iko upande wake. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi na pia jambo lenyewe liwe kwa manufaa ya mtoto. Hili si la kwenye karatasi tu: mwaka 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Sheria hiyohiyo inahesabu habari za afya ya mumeo kuwa nyeti. Kwa hiyo mna haki ya kusema: binti haonekani, jina la shule halitajwi, na ugonjwa wa baba unasemwa kwa kiasi atakachoruhusu mwenyewe. Na wewe usimwombe binti "avumilie kidogo kwa ajili ya familia." Akikubali kwa sababu hiyo, hajakubali.

Majirani nao watabadilika kidogo. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia za Rarieda, Siaya, zilizopewa fedha taslimu bila masharti. Waliopewa waliwapita wenzao kwa pointi 23 za asilimia katika kuezeka mabati, na hali yao ya moyo iliimarika. Lakini majirani waliokosa walisema kuridhika kwao na maisha kumepungua, ingawa athari hiyo ilififia kadiri muda ulivyopita. Utafiti mwingine wa Siaya, uliochapishwa 2022, uliona upande wa pili: fedha zilipoingia kijijini zilizunguka, na hata wasiopewa wakafaidika, kwa sababu waliopewa walinunua kwao. Hapo pana funzo la moja kwa moja kwako. Nyumba inayoletwa na malori kutoka mbali, ikijengwa na wageni, haiwaachii majirani chochote isipokuwa kuitazama. Ombeni vibarua wawe vijana wa mtaani, na mawe na mchanga vinunuliwe hapo karibu. Hata hivyo jiandae: wateja wako watasema umeomoka, watakuomba mkopo, na mwaliko wa harambee hautakosa. Amueni mapema mtakavyojibu.

Basi ningekuwa wewe ningeomba nini? Nyumba ndogo. Naam, waombeni wapunguze. Vyumba viwili vya mawe na sebule, sakafu ya saruji iliyolainishwa, hakuna ngazi, vishikio vya chuma chooni na bafuni kwa ajili ya mumeo, mlango mpana wa kutosha kiti cha magurudumu endapo kitahitajika. Hita ya jua badala ya ile ya stima, na tangi la kuvunia maji ya mvua. Kisha pesa zilizobaki wajenge chumba kimoja cha kupangisha chenye mlango wake upande wa barabara, au kibanda imara cha biashara yako. Kodi ya chumba kimoja kila mwezi itawalipia tokeni na maji, na sofa haiwezi kufanya hivyo. Kama mfadhili anataka kutoa kitu cha ziada, alipe mchango wenu wa SHA, bima ya afya ya serikali, wa mwaka mzima, ili mazoezi ya viungo ya mumeo yasikatike. Mambo haya hayapendezi sana kwenye picha, kwa hiyo baadhi watayakataa. Ombeni tu.

Na msikubali kuiweka nyumba hiyo rehani, kwa benki wala kwa mkopo wa shemeji, angalau kwa miaka ya mwanzo. Nimekwisha kueleza kilichotokea Georgia.

Ukiona masharti hayatimii, kukataa si kuipiga bahati teke. Kuna njia ya polepole: sakafu mwaka huu kwa chama au kwa mchango wa kanisa (huyo aliyetuma jina lenu anaweza kuanza kwa mifuko miwili ya saruji), paa mwaka ujao. Huku nyuma, kama mumeo hawezi tena kufanya kazi, anza kumwandikisha kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu; tathmini hufanywa hospitalini. Ni njia ndefu na haina vifijo. Lakini kila hatua yake ni yenu na hakuna anayewadai machozi.

Mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa barua ni haya. Mkataba wao, ambao yumkini utakuwa kwa Kiingereza cha mawakili, usitiwe sahihi mpaka mtu asiye wa kipindi awasomee kila ukurasa kwa lugha mnayoielewa. Kama huna pesa za wakili, Kituo Cha Sheria hapa Nairobi hutoa msaada wa bure, FIDA Kenya huwasaidia wanawake hasa kwenye mambo ya ardhi na ndoa, na serikali ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Nenda na nakala ya hati ya ploti, cheti cha kifo cha baba mkwe, na namba za simu za ndugu wa mumeo. Na endapo kuna mtu yeyote atakayekuomba ada ya kuandikishwa, ya mafuta ya gari, au "ya kufungua faili" ili mchaguliwe, huyo ni tapeli, hata akitaja jina la stesheni kubwa. Katiza simu, uripoti kwa polisi.

Watu wa kipindi wakipiga tena, waambie mnafanya kikao cha familia na mtatoa jibu baada yake, na waombe watume mkataba kwanza, kamera baadaye. Wakisema ratiba imebana, waulize msimu ujao unaanza lini.